Unga mweupe wa maabara unamsaidia nani? Jibu kwa dada wa Morogoro

Swali limetoka kwa dada mmoja wa Morogoro, nimelifupisha kidogo:

"Habari mtaalamu. Mdogo wangu wa kiume amepata nafasi ya kusoma masters ya sayansi ya nyenzo, mambo ya matirio. Ukimuuliza anaenda kufanya nini anasema atakaa maabara anachoma unga mweupe kwenye tanuri halafu anaupima, basi. Ada tunachanga sisi ndugu. Mama anauliza si bora angesoma uhasibu, na mimi kusema ukweli sina cha kumjibu. Hizi tafiti za vyuo vikuu zinamsaidia nani huku mtaani?"

Nzuri dada, na mama mfikishie shikamoo yangu. Anachouliza ni halali kabisa, anayetoa hela lazima ajue inaenda wapi, na sisi wa vyuoni tumezoea kujibu swali kama hili kwa maneno makubwa makubwa, maendeleo endelevu sijui uchumi wa viwanda, mtu anaondoka hajaelewa kitu. Ngoja nijaribu njia nyingine. Naamini kwenu au kwa jirani hamkosi ile taa ya sola, yenye kipaneli cha kuweka juu ya bati, kiboksi cha betri, balbu mbili tatu na waya wa kuchajia simu. Tuifungue hiyo. Ndani kuna vitu vitatu vya maana na vyote vitatu vimepita mikononi mwa watu wa chuo kikuu ambao walikuwa wanachoma choma vitu kwenye tanuri kama huyo mdogo wako, na wakati ule majirani zao nao hawakuwaelewa.

Tuanze na balbu. LED nyekundu zipo tangu 1962, ni vile vitaa vya kuonyesha redio imewaka. Ila kupata mwanga mweupe wa kusomea lazima upate ya bluu, na bluu iligoma kwa miaka kama 30 hivi. Matirio ya kuitengenezea yalijulikana, yanaitwa galiamu naitraidi, tatizo ni kuyaotesha yawe fuwele safi isiyo na nyufa, na makampuni mengi yakachoka yakahamia kwenye matirio mengine. Pale Chuo Kikuu cha Nagoya, Japani, Profesa Isamu Akasaki na mwanafunzi wake Hiroshi Amano wakang'ang'ana nayo hayo hayo. Mwaka 1986 wakapata fuwele nzuri, dawa ikiwa ni kutanguliza tabaka jembamba la aluminiamu naitraidi juu ya yakuti halafu ndo galiamu naitraidi inaoteshwa juu yake, na kufika 1989 wakawa wamemaliza kikwazo kingine cha kuipitishia umeme inavyotakiwa. Shuji Nakamura, huyu alikuwa kwenye kampuni ya Nichia, akatoa LED ya bluu yenye mwanga mkali mwaka 1993. Ukishakuwa na bluu unaipaka unga wa njano juu, sehemu ya bluu inageuka njano, vikichanganyika jicho linaona nyeupe (ndo maana balbu ya LED ikiwa imezimwa ukiichungulia unaona kidoa cha njano). Watatu hao wakapewa Nobel ya fizikia 2014.

Kwa nini nimeanza na balbu? Kwa sababu bila hiyo paneli na betri zisingemfaa mtu wa kipato cha kawaida. Kibatari kwa kila wati ya nishati kinatoa mwanga kama lumeni 0.1 tu, globu ile ya zamani ya waya kama 16, LED bora kabisa za maabara zimefika 300, hizi za dukani zinacheza kwenye mia moja hivi. Sasa piga hesabu, balbu mbili za LED za wati 2 kila moja zikiwaka masaa 5 usiku ni wati-saa 20, betri ndogo ya volti 3.2 na ampea-saa 6 ina wati-saa 19.2, yaani inakaribia kutosha usiku mzima wa mtoto kusoma na mama kupika. Betri hiyo hiyo ukiifunga kwenye globu moja ya wati 40 inakata ndani ya nusu saa. Kwa hiyo kazi ya Nagoya ndo imefanya kipaneli kidogo cha wati 10 kiwe na maana kwenye nyumba.

Haya, betri, na hapa nitakaa kidogo maana ndo penye utamu.

Betri za lithiamu wazo lake lilikuwepo miaka ya 1970, Stanley Whittingham alilifanyia kazi kwenye kampuni ya mafuta ya Exxon baada ya kutoka Chuo Kikuu cha Stanford, lakini betri yake ilikuwa na lithiamu tupu ndani na hiyo kitu inawaka moto kirahisi. Mwaka 1980 John Goodenough na wenzake pale Oxford wakapata matirio mapya ya upande wa chanya, lithiamu kobalti oksidi, yanayofika volti 4 hivi, ambayo kwa wakati ule ilikuwa kubwa sana. Miaka hiyo hiyo kijana mmoja wa Moroko, Rachid Yazami, mzaliwa wa Fes, akiwa anafanya udaktari wake Grenoble Ufaransa akaonyesha kwamba lithiamu inaweza kuingia na kutoka kwenye grafaiti bila kuiharibu, yaani akawa amepata upande wa hasi usio na lithiamu tupu. Akira Yoshino wa Asahi Kasei akaunganisha betri iliyo salama mwaka 1985 akitumia makaa ya petroli upande wa hasi, Sony wakaingiza sokoni 1991, na grafaiti ndo baadaye ikaja kutawala. Simu yako unayosomea hapa inabeba kazi ya huyo Mmoroko na sijui kwa nini hatumtaji mashuleni kwetu.

Ila kwenye taa ya sola mara nyingi hukuti kobalti. Ukisoma kwenye kiboksi utaona LiFePO4, hiyo ni lithiamu, chuma na fosfeti. Hii nayo ni ya Goodenough, alikuwa ameshahamia Chuo Kikuu cha Texas kule Austin, yeye na kijana wake wa maabara Akshaya Padhi na wenzao wakaitoa miaka ya 1996 na 1997. Chuma ni rahisi kupatikana, matirio yenyewe yanavumilia joto, hayalipuki kirahisi, na betri ikitunzwa inafika mizunguko 2,000 na zaidi ya kuchaji wakati betri ya risasi ya kawaida ukiikausha kila siku inakufa kwenye mia chache. Mwanzoni watu waliidharau maana inapitisha umeme vibaya mno, ni kama jiwe. Wakaja watu wa Montreal Kanada, akina Michel Armand, wakaonyesha kwamba ukiipaka kila chembe ngozi nyembamba ya kaboni inapitisha vizuri tu. Sasa fikiria hiyo kazi ilivyokuwa, mtu anachukua unga, anachanganya na sukari au kitu chochote chenye kaboni, anachoma kwenye tanuri lisilo na hewa, anapima, anabadilisha joto, anachoma tena. Ndo kazi ya mdogo wako. Leo hizo betri zipo kwenye taa za vijijini, kwenye pikipiki nyingi za umeme, kwenye mabasi, na kwa kuwa hazina kobalti hata kule Kolwezi, Kongo, ambako watu wanachimba kobalti kwa mikono na wanaongea Kiswahili kama sisi, bei inaguswa na kitu kilichoanzia kwenye tanuri la Texas. Goodenough alipewa Nobel ya kemia 2019 pamoja na Whittingham na Yoshino, akiwa na miaka 97, akafariki 2023 akiwa na miaka 100.

Paneli nitapita haraka. Paneli nyingi zilizotoka viwandani kuanzia mwishoni mwa miaka ya 2010 zina teknolojia inayoitwa PERC, iliyobuniwa na kundi la Martin Green pale Chuo Kikuu cha New South Wales, Sydney. Mwaka 1989 waliripoti seli inayogeuza asilimia 22.8 ya mwanga kuwa umeme. Siri yake ipo mgongoni mwa seli, wanaweka tabaka jembamba la kuzuia elektroni zisipotee nyuma na la kurudisha mwanga ndani upite mara ya pili. Ikakaa kabatini miaka zaidi ya 20 ndipo viwanda vikaichukua kwa wingi, na sasa hivi tayari imeshaachia nafasi kwa teknolojia mpya zaidi.

Sasa swali la mama ni nani anafaidika, na hapa lazima niseme ukweli ambao vyuo havipendi kuusema, kwamba kufaidika na kulipwa ni vitu viwili tofauti kabisa. Oxford hawakutaka kulipia patenti ya ile betri ya 1980, ikachukuliwa na maabara ya serikali ya Harwell, na Goodenough mwenyewe hakuambulia mrabaha wowote. Nagoya walikuwa wajanja, patenti za Akasaki ziliingiza hela mpaka chuo kikajenga jengo zima la utafiti lenye jina lake, likafunguliwa 2006. Na Sydney je? Mwanafunzi wao mmoja wa udaktari, Shi Zhengrong, alirudi kwao China mwaka 2001 akaanzisha kampuni ya Suntech mjini Wuxi, na wengine waliopita maabara ile ile wakafuata njia hiyo, ndo sehemu kubwa ya sababu paneli unayonunua Kariakoo imetoka China na sio Australia. Ujuzi ulisafiri kwenye kichwa cha mtu. Mimi hilo huwa naliona ndo faida kubwa kuliko zote, watu waliosoma, kwa sababu karatasi ya utafiti kila mtu duniani anaweza kuisoma lakini mwenye mikono iliyozoea tanuri ndo anayeweza kuifanyia kazi.

Na hapa dada naomba unisikilize vizuri kwa sababu wewe ni wa Morogoro. Mahenge, mkoani kwenu, kuna grafaiti nyingi na nzuri. Ile ile ya Yazami. Lakini grafaiti ikitoka shimoni haiwezi kuingia kwenye betri, lazima isafishwe mpaka ifike asilimia kama 99.95, chembe zake ambazo ni bapa zizungushwe mpaka ziwe kama duara, halafu zipakwe ngozi ya kaboni, na kazi hiyo kwa sehemu kubwa sana inafanyika China. Tofauti ya bei kati ya grafaiti ya gunia na grafaiti ya betri ni kubwa mno, na kinachokaa katikati hapo ni elimu anayoenda kuisoma mdogo wako, sio kitu kingine. Mashine zinanunulika. Mtu wa kujua kwa nini mzigo wa leo umekataa na wa jana ulikubali, huyo hanunuliki kirahisi, na akinunuliwa ni mgeni anayelipwa kwa dola. Nikeli ya Kabanga kule Ngara ni hadithi hiyo hiyo.

Najua mama atasema hayo yote ni ya Wajapani na Wachina, ya hapa kwetu yako wapi. Yapo, madogo ila yapo. Pale Arusha kwenye Taasisi ya Nelson Mandela, Dkt. Askwar Hilonga alitengeneza chujio la maji la mchanga lililoongezwa nyenzo nano (chembe ndogo mno zisizoonekana kwa jicho), na uzuri wake ni kwamba nyenzo zinachaguliwa kufuata uchafu wa maji ya sehemu husika, penye floridi unaweka za floridi, penye madini mazito unaweka za madini mazito. Mwaka 2015 akashinda tuzo ya Afrika ya ubunifu wa kihandisi inayotolewa na Royal Academy of Engineering ya Uingereza, pauni 25,000. Kwa mtu wa Dar floridi inaweza isimwambie kitu ila nenda vijiji vya kuzunguka Mlima Meru uangalie meno ya watu, yamekuwa ya kahawia, na wengine mifupa imepinda, kwa sababu maji yanapita kwenye miamba ya volkano na floridi inapita kwa mbali kikomo cha WHO cha miligramu 1.5 kwa lita. Wakenya wa Nakuru wana shida hiyo hiyo na wao wametumia mkaa wa mifupa ya ng'ombe, mifupa inachomwa kwa joto linalodhibitiwa, ukikosea joto inashika floridi kidogo tu au maji yanatoka na harufu. Joto gani hasa? Ndo kazi ya maabara hiyo.

Ila sasa nisije nikaonekana napiga debe. Tafiti nyingi tu zinaishia kabatini, na kwenye eneo hili la maji ndo zimejaa. Mwanafunzi anachukua maganda ya ndizi, mwenzake pumba za mpunga, mwingine maganda ya korosho, anachoma anapata mkaa, anaonyesha unanyonya madini fulani kwenye maji aliyoyachanganya mwenyewe maabara, anapata cheti, imeisha. Hakuna aliyeuliza mkaa huo unasafisha lita ngapi kabla ya kujaa, ukijaa unatupwa wapi maana sasa una sumu ndani, na kwenye maji ya kisima halisi yenye chumvi kibao unafanya kazi vilevile au ndo basi. Maswali hayo ni ya kuchosha na hayaleti sifa kwenye majarida, kwa hiyo watu wanayakwepa, na pesa za umma zinaenda hivyo hivyo kila mwaka. Mama akikasirikia hilo mimi nipo upande wake.

Kuna faida nyingine haina tuzo wala haitangazwi na mimi kwa nchi zetu naiweka juu hata ya ugunduzi, nayo ni kupima. Nenda barabarani kwa wauza tochi utaona betri ya duara imeandikwa 9900mAh. Hakuna betri ya saizi ile duniani yenye uwezo huo, zilizo bora kabisa zinazunguka kwenye 3,500, na hizo za barabarani ukizifunga kwenye kipimo nyingine hazifiki hata 1,000. Ukinunua unaibiwa mchana kweupe na huna wa kumlalamikia kwa sababu huna namba. Mwanafunzi mmoja mwenye kipima betri na wiki mbili anaweza kukupa namba. Nondo ni hivyo hivyo, unaambiwa milimita 12, ukipima ni 11 na nukta, na ukiivuta kwenye mashine inakatika kabla ya mzigo uliotakiwa. Maabara za uhandisi za Chuo Kikuu cha Dar es Salaam zinapokea sampuli za nondo na zege za watu wa nje, unapeleka vile vibonge vya zege vinakaa siku 28 vinabanwa mpaka vinapasuka, unapewa karatasi. Ghorofa lililopimwa halitoki kwenye habari, ndo maana watu hawaioni faida hiyo.

Turudi kwa kijana. Kabla hamjatoa ada mwambieni amtafute msimamizi wake amuulize mambo yafuatayo, na asione aibu. Kwanza mashine gani pale chuoni zinafanya kazi leo, sio zilizoandikwa kwenye brosha, hasa ile ya eksirei inayosoma mpangilio wa fuwele, kwa sababu kama haipo atakuwa anatuma sampuli nje ya nchi na kusubiri miezi, na masters ya miaka miwili inakuwa mitatu, hela zenu hizo. Halafu nani nje ya chuo anausubiri huo utafiti, kiwanda, mamlaka ya maji, mgodi, hata fundi, yeyote. Wakikosekana kabisa haina maana aache, ila abadilishe mada mapema kabla hajazama. Na wanafunzi waliotangulia kwa msimamizi huyo wako wapi sasa hivi, hilo linasema mengi kuliko chochote kwenye tovuti.

Kuhusu kazi, TBS, lile shirika la viwango, wanahitaji watu wa aina hii, viwanda vya saruji na vya chuma vina maabara, waagizaji wa sola wanahitaji mtu wa kuwaambia kontena hili lirudi, migodi nayo. Nafasi sio nyingi kama za uhasibu, hilo nakubali, lakini na waombaji ni wachache mno, mhasibu anashindana na mamia kwenye nafasi moja.

Huo unga mweupe wenyewe sijui ni upi na inategemea sana. Kama ni wa mifupa basi ni habari ya maji. Kama ni udongo wa kaolini, wa Pugu kwa mfano, basi huenda yupo kwenye saruji, kuna fomula inayoitwa LC3 iliyotoka kwa Karen Scrivener pale chuo cha EPFL, Uswisi, akishirikiana na vyuo vya Cuba na India, wanachoma udongo kwenye nyuzi 700 hadi 800 badala ya zile 1,450 za klinka (yale mabonge yanayochomwa kisha kusagwa kuwa saruji), wanachanganya na chokaa ghafi, na inachukua nafasi ya karibu nusu ya klinka kwenye saruji, hewa ukaa inapungua mpaka asilimia 40 hivi. Hiyo ikiwa ndo mada yake mimi ningemwambia mama achange bila kusita, udongo wa aina hiyo tunao. Muulize ni unga gani na anauchoma nyuzi ngapi, uniandikie tena.